Sauti Iliyotangulia Picha

Gari la sinema liliingia Kasongo likiwa limebeba juu yake pembe mbili za chuma, na ndani ya pembe hizo mtu asiyeonekana alikuwa anasema: leo baada ya sala ya isha watu wote waje kiwanja cha mpira, wanaume kushoto, wanawake kulia, na hakuna kulipa. Neno la mwisho ndilo lililojaza kiwanja.

Nyumba ya Sumaili, fundi wa kushona, ilikwenda yote: Sumaili mwenyewe, mkewe Waridi, na mama yake mzazi, Mwanvua, aliyepofushwa na ugonjwa wa macho wa watu wa kando ya mto tangu Sumaili akiwa mdogo. Waridi hakuona akili yoyote katika jambo la kumpeleka kipofu kwenye sinema.

"Mama, utaona nini kule?"

"Nitaona vile nyinyi munaona," Mwanvua alijibu, huku akikaza kikwembe chake kiunoni. Huyu alikuwa mwanamke ambaye ukimwambia jambo haliwezekani, ndipo anapotafuta fimbo yake.

Kitambaa cheupe kilikuwa kimefungwa kati ya nguzo mbili za goli. Taa ikawaka ndani ya gari, mwanga ukapita juu ya vichwa vya watu, na pale kwenye kitambaa ukatokea mti, na majani ya mti yakatikisika. Watu walisogea mbele. Mti wanaufahamu, upepo wanaufahamu, lakini upepo wa mahali pengine uliochukuliwa ukaletwa Kasongo ndani ya sanduku, huo hawakuwa wameuona. Mzee mmoja aliinua mkono kuhisi kama unampiga usoni. Hakuna aliyemcheka.

Picha ilimhusu kijana aliyerudi kwao kutoka kazi ya mgodi, na rafiki yake aliyemwonea wivu. Walisema Kifaransa, na karani wa sinema aliyeitwa Théophile alisimama kando na mikrofoni akiwaeleza watu kwa Kiswahili, akitia na mzaha wake. Kijana akapita njia ya porini, nyoka akatokea, watu wakapiga kelele. Nyoka akaenda zake. Kisha rafiki akamkaribisha kijana nyumbani, akammiminia pombe ya mchikichi kwenye kibuyu. Wote wawili wanacheka. Théophile naye anatania kwamba rafiki anayekupa kibuyu kilichojaa hivyo lazima anataka kukuuzia mbuzi mgonjwa, na kiwanja kizima kinacheka.

Katikati ya kicheko hicho Mwanvua alilishika goti la Waridi kwa nguvu, akasimama.

"Asikunywe! Mumuzuie! Kifo iko mule!"

Kijana wa kwenye kitambaa akatabasamu, akanywa. Ndipo tarumbeta na ngoma na vitu vingine visivyojulikana jina vikapiga kwa pamoja pigo moja kubwa lililowapitia watu kifuani, na kijana akaanguka chini.

Kiwanja kililia. Halafu, kidogo kidogo, vichwa vikaanza kugeuka. Viliacha kitambaa, vikamtazama kipofu aliyesimama.

"Munaona sasa?" Sauti ilikuwa ya Amisa, jirani wa ukuta mmoja na Sumaili. Masika ya mwaka juzi alikuwa amemzika mtoto wake mchanga, Abedi. "Kwangu alisema vile vile! Alisema kifua ya mutoto huyu si muzuri, na mutoto akakufa. Leo amesema tena, na mutu amekufa mbele yenu wote!"

"Yule hajakufa!" Théophile akapaza sauti kwenye mikrofoni. "Ni muchezo, ndugu zangu! Yule iko kwake anakula!"

Lakini nani wa kumsikiliza? Wanawake waliokuwa wamekaa karibu na Mwanvua walikuwa wamekwisha kuvuta mikeka yao.

Asubuhi Sumaili alikuta watu wanamngoja kwenye baraza anaposhonea, akafurahi, akadhani kazi imekuja. Kumbe wamefuata vitambaa vyao. Mmoja alichukua kanzu isiyo na mikono, mwingine suruali yenye mguu mmoja. "Nitamalizia nyumbani, fundi," walisema, na kila mmoja alikuwa mpole mno. Matusi angeweza kuyajibu. Upole ule ulimwacha anatazama cherehani yake kama mtu aliyefiwa.

Waridi alirudi kutoka kisimani na ndoo, akaitua, akakaa chini mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, si kwamba nakuchukia. Lakini leo nilipofika ku kisima, wote waliondoka. Waliniacha peke yangu na kamba mukononi. Hata mutoto wa dada yangu alivutwa mukono."

"Najua, binti yangu. Nilisikia vile umeitua ndoo."

Jua halijapanda sana, akaja mzee Atumani, kapita wa mtaa, yaani mkuu wake mbele ya serikali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe, na watu wa namna hiyo wanaweza kukuumiza kuliko wabaya. Alikataa kiti, akasema akiwa amesimama.

"Sumaili, mwanangu, wazee tumekaa. Maneno ya ulozi Mzungu wa serikali, Bulamatari, hataki kuyasikia. Yakifika biro kwake, anafunga mwenye kusema na mwenye kusemwa. Basi tumeona yaishe kimya. Kesho kutwa asubuhi kamio ya kubeba pamba inaenda Kabambare. Mama arudi kwa watu wake."

"Watu gani, muzee? Aliolewa huku akiwa binti. Wazazi wamekufa, ndugu zake wamekufa. Kule hakuna hata mutu mumoja wa kumushika mukono."

"Kabambare haikosi watu," Atumani alisema, na hapo hapo akaona haya ya maneno yake mwenyewe, akatazama pembeni. "Kesho kutwa, mwanangu. Nami nitaleta chakula cha njiani."

Alipokwenda, Sumaili alichuchumaa karibu na mama yake. Alikuwa na swali lililomkosesha usingizi, na aliona haya kuliuliza, maana kumuuliza mama yako swali kama lile ni kama kukubaliana na watu kidogo.

"Mama. Ulijuaje?"

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

Mwanvua aliinamisha kichwa, akatoa kifuani sauti ya chini, nzito, isiyokatika, kama nyuki ndani ya mtungi. "Mulikuwa munacheka, hii sauti ikaingia. Ilikuja pia mbele ya nyoka. Ile mara ya kwanza sikuelewa. Ilipokuja mara ya pili nikasema, aa, huyu ndiye anayetembea mbele ya mubaya. Nyinyi hamukusikia?"

Sumaili alifikiri sana. Aliikumbuka pombe ikimiminika, aliyakumbuka meno ya rafiki. Sauti hakuikumbuka hata kidogo. Masikio alikuwa nayo mawili, mazima, na yalikuwa pale pale kiwanjani. Aliogopa, na safari hii hakumwogopa mama yake.

Théophile alikuwa amefikia nyumba ya wageni ya serikali. Sumaili alipobisha, mlango ulifunguka kidogo tu, kikatoka kichwa.

"Weye ni nani?"

"Fundi wa kushona, bwana."

"Fundi wa kushona? Kweli?" Mlango ukafunguka zaidi. Karani wa sinema, aliyevaa kofia na koti lenye vifungo vya shaba jana yake, alikuwa amejifunga taulo. "Mungu amekuleta. Suruali ya kazi imepasuka nyuma nilipokuwa napanda ku gari, na sina ingine. Tangu asubuhi ni mufungwa humu ndani."

Basi mambo makubwa ya roho yalizungumzwa hivyo: mmoja kwenye kizingiti anashona suruali, mwingine kitandani na taulo. Sumaili alieleza yote. Théophile alisikitika.

"Lakini ile ni muziki tu, fundi. Wapigaji wako Ulaya. Wanaangalizwa picha kwanza, halafu wanaipigia. Mubaya akikaribia wanapiga chini chini, ili roho ya mutu ianze kuogopa yenyewe. Akifika, wanapiga kwa nguvu."

Sumaili aliacha sindano. "Iko watu kazi yao ni kutujulisha kifo mbele hakijafika?"

"Kama ni kusema hivyo, ndiyo."

"Na yule kijana? Yeye hasikii?"

"Hasikii. Muziki si yake. Ni yako weye unayemuangalia."

Neno hilo lilimwingia Sumaili hata akasahau kwa muda shida iliyomleta. Aliona huruma kubwa kwa yule kijana wa kwenye kitambaa, anayecheka na kibuyu mkononi, na tarumbeta zote za Ulaya zinamlilia, na yeye hana habari. Tena akawaza: na sisi je? Kama iko inayopigwa kwa ajili yetu, nani anaisikia?

"Uje uwaambie wazee, bwana."

"Jana nilisema ku mikrofoni, nani alisikiliza? Watasema fundi amenihonga na suruali."

Sumaili alikata uzi kwa meno. "Basi usiseme kitu. Leo jioni uwape sauti, ufunike picha."

"Nifunike picha! Wakubwa wangu wakisikia nimewaonyesha watu giza?" Théophile alicheka. Aliichukua suruali, akautazama mshono, ambao hata yeye mwenye suruali hakuweza kuona ulipoanzia. "Ile filamu nimeionyesha kila mahali, mpaka Kabambare na Salamabila. Na mimi pia sijawahi kuisikia bila kuiangalia."

Jioni ile watu walijaa kuliko ya kwanza. Filamu iliyotangazwa ilikuwa ya kunawa mikono, na watu waliivumilia. Ilipokwisha, Théophile alisema atarudisha kipande cha jana. Manung'uniko yakasikika. Mwanvua alikuwa amekaa kati ya mwanawe na Waridi, na kuwazunguka palikuwa na nafasi tupu ya kutosha kulaza ng'ombe.

"Wanasema ni muziki uliomupa mama huyu habari," Théophile akaeleza.

"Muziki gani?" Mzee Atumani alisimama. "Jana tulikuwa hapa. Hatukuona mupiga ngoma hata mumoja. Nyumbani mwa yule rafiki walikuwa watu wawili na kibuyu. Hao wapigaji walikaa wapi, muvunguni mwa kitanda?"

Watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Théophile aliingia garini. Alianzisha mashine, kisha akavua kofia yake, akaishika mbele ya lile jicho la mwanga.

Kitambaa kikawa cheusi. Kiwanja kikawa na giza tupu, na ndani ya giza hilo mtu akaanza kutembea.

Hakuna aliyetazamia hivyo. Nyayo zilikuja kwenye kokoto, karibu, karibu sana, mpaka wanawake wa mbele wakavuta miguu. Mlango ukalia. Wanaume wawili wakacheka, na bila sura zao kicheko cha mmoja kilikuwa kimepasuka katikati, na watu wote wakasikia kwamba yule hacheki kweli. Pombe ikamiminika. Ilimiminika kwa muda mrefu. Mtu angeweza kuhesabu pumzi za jirani yake.

Ndipo ikaja. Ilitokea chini, ikatambaa kwenye nyasi, ikapanda kwenye mifupa ya wale waliokaa chini kabla haijafika masikioni mwao. Ilikuwepo jana, mahali hapa hapa, wakati huu huu, na watu zaidi ya mia waliikalia bila kuijua. Mama mmoja alianza kusoma dua. Wengine walishikana mikono na watu wasiowajua. Sauti ikapanda, kibuyu kikagonga meno, na mtu akapaza sauti kwa hofu:

"Asikunywe! Mwanangu, usikunywe!"

Alikuwa mzee Atumani.

Pigo likaanguka gizani, tarumbeta, ngoma, vyote, na kiwanja chote kikaruka kama mtu mmoja. Kisha kimya. Théophile aliondoa kofia, mwanga ukarudi, na watu wakaonana: macho yametoka, midomo wazi, na kapita wa mtaa amesimama na mkono mbele kama anayemnyang'anya mtu kikombe.

Waliangua kicheko. Kicheko cha watu waliookoka. Atumani mwenyewe alicheka mwisho, akajifuta jasho kwa kilemba. "Subhana'llah," alisema, "kweli ilinitangulia. Sikuona kitu, na nilijua." Na mara nyingine akasema, taratibu, "Nilijua." Mwanvua peke yake hakucheka. Uso wake ulikuwa umeinuliwa, na machozi yalikuwa yanamtoka, kwa kuwa tangu apofuke hakuwahi kukaa na watu wengi hivyo wote wakasikia anachosikia.

"Basi wazee," Atumani alianza, "naona maneno haya…"

"Sinema ni sinema."

Amisa alisimama na kitoto chake cha pili, Zaina, mgongoni. Hakupiga kelele. "Nimesikia kama nyinyi. Lakini mutoto yangu hakuwa sinema. Nani alimupigia tarumbeta?"

Atumani aliinama, akaokota mkeka wake. Watu wakakunja mikeka, na kicheko chote kikaisha, na neno la kamio likabaki pale lilipokuwa.

Siku ya safari Mwanvua alikaa mlangoni juu ya furushi lake. Sumaili alikuwa ameifunga cherehani kwa turubai. Angemsindikiza mama yake mpaka Kabambare, amtafutie nyumba ya kuishi, na kama hakuna, wakae wote huko, na Waridi amfuate. Waridi alikuwa anafunga mihogo kwenye majani na kuifungua na kuifunga tena. Kule barabarani kamio ikapiga honi.

"Ni wakati, mama," Sumaili alisema.

"Ngoja. Kuko mutu ku ukuta."

Amisa alikuwa amesimama hapo, hakuna ajuaye tangu lini. Alikuja mpaka mbele ya furushi, akapiga magoti. Uso ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi.

"Mama Mwanvua, juzi usiku muliona nilikataa."

"Ulikuwa na haki ya kukataa."

"Hapana. Musikie kwanza." Alishika pindo la kikwembe cha yule mzee. "Ku kiwanja, ile sauti ilipoanza kwa chini, niliijua. Ndiyo kifua ya Abedi wangu. Nilikuwa naisikia mbele hamujasema kitu. Usiku nilikuwa naisikia, na nilimuimbia, nikaimba kwa nguvu ili nisisikie. Halafu nyinyi mukasema kwa kinywa, kweupe, na nikawachukia. Miye nilisikia, mama. Miye nilisikia wa kwanza."

Waridi aliacha mihogo. Honi ikapigwa tena, ndefu. Mwanvua alipapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha Amisa, akaweka mkono pale.

"Wamama wote wanaimba," Mwanvua alisema. "Na miye niliimba nilipozika wangu."

Amisa alifungua kitambaa cha mgongo, akamtoa Zaina, akamweka mikononi mwa mwanamke ambaye jana mtaa mzima uliwaficha watoto asiwaguse.

"Tangu jana amekohoa. Watu wananiambia ni vumbi. Munisikilizie. Miye naogopa kusikiliza."

Mwanvua aliinua kidole, na Sumaili, aliyetaka kusema neno juu ya kamio, akanyamaza. Waridi akamfukuza jogoo. Mzee Atumani, aliyekuwa anaingia na chakula cha njiani kama alivyoahidi, alisimama kwenye kizingiti na mguu mmoja ndani. Kipofu aliweka sikio kwenye mgongo wa mtoto, kisha upande, kisha chini ya bega. Zaina alimshika nywele nyeupe, akazivuta. Watu wazima wanne walizuia pumzi zao ili kumsaidia mtoto mmoja asikike.

"Iko," Mwanvua alisema. "Bado ndogo. Iko huku chini, upande wa kushoto. Twende sasa hivi."

"Na kamio?" Sumaili akauliza.

Atumani alitua kapu la chakula. "Miye naenda kuwaambia waende zao," alisema, na akatoka kwa haraka ambayo mzee wa heshima hana kawaida nayo.

Kwenye dispansere foleni ilikuwa ndefu, wengi wao wanawake wa kisima kile kile. Walimwona Amisa anakuja mbio amemshika kipofu mkono, mtoto begani, na hawakujua la kufanya na macho yao. Muuguzi, mtu mkali aliyeitwa Placide, alimpokea mtoto akiwa tayari kugomba. Alitia mipira masikioni, akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akarudi chini ya bega la kushoto akakaa hapo.

"Hana hata homa bado," alisema mwishoni, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wanawaletaka hapa wakiwa wameshaanza kugeuza macho. Huyu atakunywa dawa na atapona. Nani alikuambia umulete mapema hivi?"

Amisa aligeuka, ili wale wa kwenye foleni wasikie vizuri.

"Ni huyu mama yangu," alisema. "Anasikiaka."

Wanawake waliokaa kwenye benchi walitazamana. Kisha mmoja akasogea, na wa pili akasogea, wakampa Mwanvua nafasi ya kukaa.